MKATE WA BARUTI HAUSHIBISHI
Tafakari juu ya vurugu za dunia na watu wadogo katika biashara ya vita



Upo usemi unaorudiwa siku hizi mabungeni, katika magazeti ya biashara na hata barazani: kwamba vita ni vibaya, lakini walau vinaleta kazi. Dunia ikichafuka, husema wasemaji hao, viwanda vikubwa vya silaha hupata oda. Na vikubwa vikipata oda, vidogo navyo hupata riziki. Fundi wa kukereza vyuma atapata kazi, mshonaji wa sare atapata kazi, mwenye lori moja atapata mzigo, na mzabuni wa unga na maharage atapata mlango wa kambi. Kwa hiyo, wanatuonya, tusiwe wepesi wa kuilaani biashara ya silaha, tusije tukalaani mkate wa wanyonge.

Tume yetu ya Haki na Amani inaupinga usemi huo, wala hatuupingi kwa huruma tu. Tunaupinga kwa sababu si kweli. Tutaonyesha kwamba mtu mdogo katika biashara ya vita ni mateka wa pande mbili: amani ikija anatupwa, vita vikija anabanwa. Faida hupanda juu, hasara hushuka chini. Tutafuata njia tuliyoizoea katika Jumuiya Ndogo Ndogo: kuona, kuamua na kutenda.

SEHEMU YA KWANZA: TUONE

Fedha ziko kwa nani?

Hakuna anayeweza kusema kwamba fedha za vita zimekosekana. Taasisi ya utafiti wa amani ya Stockholm, SIPRI, ilihesabu kwamba mwaka 2024 serikali za dunia zilitumia kwa majeshi yao dola za Marekani bilioni 2,718. Hilo lilikuwa ongezeko la asilimia 9.4 katika mwaka mmoja, na mwaka wa kumi mfululizo wa kuongezeka. Taasisi hiyo hiyo ilihesabu kwamba kampuni 100 kubwa kuliko zote za silaha ziliuza mwaka huo silaha na huduma za kijeshi zenye thamani ya dola bilioni 679.

Mto mkubwa namna hii ukipita, mtu angetazamia mashamba yote ya kando yake yawe mabichi. Basi tuyatazame mashamba hayo, tukianzia zamani.

Mafundi wa Birmingham

Mji wa Birmingham, Uingereza, ulikuwa kwa muda mrefu mji wa mafundi wadogo wa bunduki. Bunduki moja ilipita katika karakana nyingi: huyu alitengeneza mtutu, yule mtambo wa kufyatulia, mwingine kitako cha mti, na mwingine akaviunganisha. Katika karne ya 18 bunduki zao nyingi zilipelekwa pwani ya Afrika Magharibi, zikabadilishwa kwa binadamu. Kisha vikaja vita dhidi ya Napoleon. Kati ya mwaka 1804 na 1815 mafundi hao waliipatia serikali yao bunduki zaidi ya milioni moja na nusu. Kila mwenye tanuri alikuwa na kazi. Mwaka 1815 amani ilipokuja, oda zilikatika, na karakana zilizosifiwa jana kuwa ni ngome ya taifa zikaachwa zijitafutie pa kushika.

Vita vya Crimea vilipozuka mwaka 1853, mafundi walidhani neema imerudi. Lakini serikali iliona kwamba karakana ndogo zinakwenda polepole, ikanunua mashine Marekani na kukipanua kiwanda chake yenyewe huko Enfield. Vita vilivyotarajiwa kuwaokoa mafundi vikawa ndiyo sababu ya kuwaweka kando. Mwaka 1861 mafundi kumi na wanne waliungana, wakaunda kampuni ya BSA, ili nao watumie mashine. Hata hivyo, mwishoni mwa miaka ya 1870 kiwanda chao kilifungwa kwa muda kwa kukosa oda. Kilichowainua hakikuwa vita vingine. Mwaka 1880 walianza kutengeneza baiskeli. Wazee wetu waliopanda baiskeli na pikipiki za BSA waliiona alama yake: bunduki tatu zilizoegemezwa pamoja. Alama ile ilikuwa kumbukumbu ya kazi iliyoshindwa kuwalisha wenyewe.

Na bunduki zilizopitwa na wakati zilikwenda wapi? Kila majeshi ya Ulaya yalipobadili silaha, zile za zamani zilitafutiwa soko kwingine, na soko moja lilikuwa hapa kwetu. Mwaka 1888 konseli mkuu wa Uingereza mjini Unguja, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikipitia Unguja kila mwaka kwenda bara. Huko zilichochea vita vya kuteka watumwa na kugombea pembe za ndovu. Hivyo kuyumba kwa karakana za Ulaya na kuchomwa kwa vijiji vya bara letu hazikuwa habari mbili. Zilikuwa habari moja iliyosimuliwa katika miji miwili.

Karamu iliyoitwa ya mwisho

Tuje karibu zaidi. Ukuta wa Berlin ulianguka mwaka 1989, na Vita Baridi vikaisha. Mwaka 1993 William Perry, aliyekuwa naibu waziri wa ulinzi wa Marekani, aliwaalika wakuu wa kampuni za silaha kwa chakula cha jioni katika makao makuu ya wizara. Waliambiwa kwamba fedha zitapungua, na kwamba si kampuni zote zitakazoishi. Jioni ile ikaja kuitwa Karamu ya Mwisho, jina ambalo Mkristo hawezi kulisikia katika habari hii bila kuumia. Katika Karamu ya Bwana, mwenyeji alijitoa yeye mwenyewe awe chakula. Katika karamu hii wakubwa walitoka wakaenda kuwala wadogo.

Kampuni zilinunuana na kumezana. Mwezi Februari 2022 wizara hiyo hiyo ilikiri katika taarifa yake kwamba kampuni kuu 51 za miaka ya 1990 zilikuwa zimebaki 5. Ilikiri pia kwamba idadi ya biashara ndogo zinazoshiriki katika kazi za ulinzi ilikuwa imepungua kwa zaidi ya asilimia 40 katika muda wa miaka kumi. Ndugu msomaji, tafakari jambo hilo. Miaka hiyo kumi haikuwa miaka ya amani. Ilikuwa miaka ya Afghanistan, ya Iraki, ya Libya, ya Syria na ya Yemen. Damu ilimwagika na fedha zilitoka, na bado wadogo walipungua. Iko wapi basi ile riziki tuliyoambiwa kwamba vita huwaletea?

Vifungo vitano

Mwezi huo huo wa Februari 2022 Urusi iliivamia Ukraine. Nchi za Magharibi zikafungua maghala yao, kisha zikataka kuyajaza upya. Marekani, ambayo ilikuwa ikitengeneza takriban makombora 14,000 ya mizinga ya milimita 155 kwa mwezi, ikajiwekea shabaha ya 100,000. Ungedhani saa ya wadogo imefika. Lakini mwenye karakana ndogo huingia katika saa hiyo akiwa amefungwa vifungo vitano.

Kifungo cha kwanza: mteja wake ni mmoja. Mwenye kuuza majembe ana wateja wengi. Mwenye kutengeneza sehemu ya kombora ana serikali moja, au kampuni moja kubwa iliyosimama kati yake na serikali hiyo. Mteja wa namna hiyo hapatani bei na muuzaji, bali humwamuru.

Kifungo cha pili: bei ya mkataba imefungwa, lakini bei ya malighafi iko huru. Vita vile vile vinavyoleta oda ndivyo vinavyopandisha bei ya chuma, ya umeme, ya mafuta na ya usafiri. Kampuni kubwa ina wanasheria wa kudai bei mpya. Fundi mwenye wafanyakazi kumi hana ila kalamu yake na sahihi aliyokwisha kuiweka.

Kifungo cha tatu: malipo huteremka ngazi kwa ngazi. Serikali hulipa kampuni kubwa, kubwa hulipa ya kati, ya kati hulipa ndogo, na kila ngazi hushikilia fedha kwa siku zake. Aliye chini kabisa ndiye anayelipa mishahara ya Ijumaa kwa fedha ambazo bado hazijamfikia.

Kifungo cha nne: mkopo. Ili atosheleze oda za vita, mdogo hukopa na kununua mashine mpya. Vita vina tabia ya kukoma bila kumpa fundi taarifa. Mkopo hauna tabia hiyo.

Kifungo cha tano: siasa. Mwezi Oktoba 2018 mwandishi wa habari Jamal Khashoggi aliuawa ndani ya ubalozi mdogo wa Saudi Arabia mjini Istanbul. Ujerumani ikasimamisha kuuza silaha Saudi Arabia. Uamuzi huo ulikuwa wa haki, nasi tunausifu. Lakini katika mji mdogo wa Wolgast, kando ya Bahari ya Baltiki, kulikuwa na karakana ya meli iliyokuwa ikijenga boti za doria kwa ajili ya Saudi Arabia. Mwaka 2019 wafanyakazi wake walipunguziwa saa za kazi. Hawakumuua mtu, wala hawakushauriwa walipofungiwa riziki yao kwa mteja wa namna ile. Walioingia mkataba waliketi mbali, na gharama ililipwa na fundi wa kuunga vyuma.

Tena, mfumo huu uliowameza wadogo haukuwa imara hata kwa wenye mfumo. Vita vya Ukraine vilipopamba moto, ilionekana kwamba baruti nyeusi, inayohitajika katika silaha za aina nyingi, ilikuwa na kinu kimoja tu katika Amerika ya Kaskazini nzima, huko Minden katika jimbo la Louisiana. Nacho kilikuwa kimelipuka mwezi Juni 2021. Wenye kuutetea ulafi kwa jina la usalama na walitafakari jambo hilo.

Mzabuni mlangoni mwa kambi

Msomaji atauliza: haya ya Birmingham na Louisiana yatuhusu nini sisi? Yanatuhusu sana. Kwetu nako kuna viwanda vya silaha. Kenya ina kiwanda cha risasi Eldoret, na mwaka 2021 ilifungua kiwanda cha bunduki huko Ruiru. Tanzania ina Shirika la Mzinga, Morogoro. Uganda ina Luwero Industries huko Nakasongola. Lakini kwa wengi wetu, biashara ndogo ya ulinzi si ya kutengeneza bunduki. Ni ya mwanamke mwenye cherehani sita anayeshona sare, ya kijana anayepeleka kuni na mkaa, ya mfanyabiashara aliyeshinda zabuni ya kuleta unga, mchele na maharage katika kambi ya jeshi, ya polisi au ya magereza.

Chukua mfano rahisi. Mzabuni ameahidi kuleta magunia elfu moja ya unga wa ngano kwa bei iliyoandikwa katika mkataba wa mwaka mzima. Mwaka 2022 vita vikazuka kati ya nchi mbili ambazo Afrika Mashariki ilikuwa ikinunua kwao sehemu kubwa ya ngano yake. Bei ya ngano ikaruka, na ya dizeli vilevile. Kama amepata faida ya shilingi kumi katika kila mia, na bei ya dukani imepanda kwa shilingi thelathini, basi kila gunia analoshusha kambini analishusha pamoja na kipande cha mtaji wake. Akiacha kuleta, atanyimwa zabuni nyingine. Akiendelea, atafilisika kwa uaminifu. Na malipo yake yakicheleweshwa kwa miezi, kama wazabuni wengi wa serikali zetu wanavyolalamika, benki haitangoja pamoja naye. Nyumba aliyoiweka rehani ndiyo itakayopigwa mnada. Hakuna bomu lililoanguka katika mtaa wake, lakini vita vimemfukuza nyumbani kwake.

Wachimbaji wa Rubaya

Tushuke ngazi moja tena, hadi chini kabisa. Katika vilima vya Rubaya, Kivu ya Kaskazini, watu huchimba kwa mikono mawe ya koltani. Ndani yake mna madini ya tantali, yanayotumika katika simu na kompyuta, na pia katika vyombo vya umeme vya makombora na katika injini za ndege. Si kila jiwe la Rubaya linaishia katika silaha. Lakini mwenye kuunda kombora hawezi kusema kwamba hamjui mchimbaji. Mchimbaji huyo ndiye mwenye biashara ndogo kuliko zote katika sekta ya ulinzi ya dunia. Mtaji wake ni sururu, tochi na mgongo wake.

Machimbo ya Rubaya yanakadiriwa kutoa yapata asilimia 15 ya tantali ya dunia. Mwezi Aprili 2024 yalitekwa na waasi wa M23. Mwishoni mwa mwaka huo wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliripoti kwamba waasi walikuwa wakikusanya huko kodi ya dola zipatazo 800,000 kwa mwezi. Kodi hiyo hutolewa jasho na mchimbaji, kisha hununua risasi zinazomfukuza mke wake shambani. Hapa mzunguko umekamilika: vurugu zinachimba madini, madini yanalisha silaha, silaha zinalisha vurugu. Anayechimba hana umiliki wa sehemu yoyote ya mzunguko huo isipokuwa kaburi.

SEHEMU YA PILI: TUAMUE

Demetrio wa Efeso

Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 19, kinatusimulia habari za Demetrio, mfua fedha wa Efeso. Yeye na mafundi wenzake waliishi kwa kutengeneza vihekalu vya mungu Artemi. Paulo alipohubiri, Demetrio aliwakusanya mafundi na kuwaambia kwamba biashara yao i hatarini. Mji mzima ukachafuka kwa ghasia. Tuangalie kwa makini: Demetrio alitanguliza mfuko, kisha akaufunika kwa heshima ya mungu mke na ya mji. Ndivyo wanavyofanya wakubwa wa silaha leo. Huanza na faida zao, kisha huzifunika kwa bendera ya taifa. Na wanapotaka watu wa kupiga kelele uwanjani, huwatanguliza mafundi wadogo.

Paulo hakuwachukia mafundi wa Efeso. Nasi hatuwachukii mafundi wa silaha, wala washonaji, wala wazabuni. Tunasema tu kwamba sanamu wanayoitumikia haiwezi kuwalinda.

Hoja ya Galton

Kuna hoja nyingine, ya kale na yenye nguvu. Mwaka 1795 Samuel Galton, mwenye kiwanda cha bunduki Birmingham, alishtakiwa na ndugu zake wa imani. Alikuwa wa Jumuiya ya Marafiki, dhehebu ambalo lina waamini wengi Kenya magharibi na ambalo hukataa vita vyote. Galton alijitetea kwamba katika nchi ile hapakuwa na mtu aliye safi: mwenye kuchimba chuma, mwenye kulipa kodi, mwenye kukopesha fedha, wote wamo katika vita. Kwa nini basi ahukumiwe yeye peke yake? Mwaka 1796 wenzake walimtenga hata hivyo.

Sisi tunaona kwamba Galton alisema kweli kuhusu jambo lenyewe, na akakosea katika hitimisho lake. Ni kweli kwamba sote tumo. Aliyenunua simu yumo, aliyelipa kodi yumo, aliyepeleka maharage kambini yumo. Lakini watu mia wakiwa wamefungwa kwa kamba moja, neno la busara si kusema, "Kwa kuwa sote tumefungwa, tukae." Neno la busara ni kuitafuta ncha ya kamba.

Mwajiri asiyeonekana

Katika barua yake juu ya kazi ya binadamu, ya mwaka 1981, Papa Yohane Paulo II alitufundisha kumtambua mwajiri asiye wa moja kwa moja. Huyo ni serikali, ni kampuni kubwa, ni mpangilio mzima wa uchumi wa dunia. Hatii sahihi kwenye mkataba wa mfanyakazi, lakini ndiye anayeamua mfanyakazi atalipwaje. Mafundisho hayo yanafaa kabisa hapa. Mwenye cherehani sita anadhani mwajiri wake ni ofisa manunuzi wa kambi. Mchimbaji anadhani mwajiri wake ni mnunuzi wa mawe. Kumbe wote wawili wanaajiriwa na maamuzi yanayopitishwa katika miji ambayo hawataifika kamwe. Haki inadai kwamba mwenye kuamua ndiye abebe uzito wa uamuzi wake. Kumsukumia mdogo uzito huo ni wizi. Mtume Yakobo ametuonya kwamba ujira uliozuiliwa hulia, na kilio chake kinafika masikioni mwa Bwana.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, ulitamka kwamba mashindano ya silaha ni mtego, na kwamba yanawadhuru maskini kupita kiasi. Papa Paulo VI alipendekeza mwaka 1967 kwamba sehemu ya fedha za majeshi iwekwe katika mfuko wa dunia wa kuwasaidia mafukara, na Papa Fransisko alilirudia wazo hilo mwaka 2020. Baada ya Sinodi ya Afrika, mwaka 1995, Papa Yohane Paulo II aliwakemea vikali wale wanaochochea vita barani mwetu kwa biashara ya silaha. Kanisa halijanyamaza. Wenye masikio ndio waliochagua kutosikia.

Je, taifa lisijilinde?

Wapo watakaotuuliza hivyo, na wana haki ya kujibiwa. Kanisa linakubali kwamba taifa lina haki ya kujilinda, na kwamba askari mwaminifu anaweza kuwa mtumishi wa amani. Askari ale, avae, alale pakavu. Lakini kujilinda ni jambo moja, na kuifanya hofu kuwa mpango wa uchumi ni jambo lingine. Mlinzi wa nyumba halipwi kwa idadi ya wezi waliokuja. Angelipwa hivyo, wezi wasingekwisha. Nchi inayotegemea vurugu ili vijana wake wapate kazi imekwisha kuwa na sababu ya kuzipenda vurugu, hata kama midomoni inaomba amani kila Jumapili.

SEHEMU YA TATU: TUTENDE

Kwanza, tunazitaka serikali zetu ziwalipe wazabuni wadogo wa majeshi, polisi na magereza kwa wakati. Mikataba ya muda mrefu iwe na kifungu cha kurekebisha bei pale soko la dunia linaporuka. Hili halihitaji mkutano wa kimataifa. Linahitaji waziri mwenye aibu na bunge lenye meno. Usiri wa ulinzi usitumiwe kuficha deni la maharage.

Pili, wabunge wetu waulize, kila kiwanda cha silaha kinapoletwa kwa jina la ajira: ajira ngapi, kwa miaka mingapi, na oda zikikatika nani atalipa? Risasi zisiponunuliwa nyumbani, zitatafutiwa wanunuzi nje. Na majirani zetu wenye vita tunawajua kwa majina. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 kuhusu silaha ndogo iliwekewa sahihi na serikali zetu wenyewe. Izingatiwe.

Tatu, tunawaambia mafundi na wazabuni: msiwe na mteja mmoja. Mtumai cha nduguye hufa maskini. Ungeni vyama vya ushirika, ili mkatae kwa pamoja mikataba ambayo mmoja mmoja mnalazimika kuikubali. Mashine inayokereza mtutu yaweza kukereza ekseli ya mkokoteni na pampu ya kisima. Cherehani inayoshona sare ya askari hushona pia sare ya mwanafunzi.

Wala hiyo si ndoto. Mwaka 1976 wafanyakazi wa kampuni ya Lucas Aerospace ya Uingereza, waliotishiwa kupunguzwa kazini, waliandaa mpango wao wenyewe wenye mawazo yapatayo 150 ya bidhaa zinazosaidia uhai, zikiwemo mashine za kusafisha damu kwa wagonjwa wa figo. Wakuu wa kampuni waliukataa. Mpango haukukosa akili wala ufundi. Ulikosa mamlaka. Nasi tunajua kwamba mafundi wa BSA waliokolewa na baiskeli. Nabii Isaya aliona panga zikifuliwa ziwe majembe. Hakuna mahali alipoahidi kwamba wenye panga watakubali bila kushurutishwa na sauti za watu.

Nne, tunawakumbusha ndugu zetu Wakristo wa nchi tajiri kwamba kitabu cha hesabu cha kampuni zao za silaha hakianzii katika ofisi zao. Kinaanzia Rubaya. Waulizeni wakuu wa kampuni hizo jiwe limetoka wapi, nani alilipwa, nani alitozwa kodi na nani, na msikubali jibu la kwamba njia ni ndefu mno kufuatiliwa. Njia ambayo jiwe limeweza kuipita, ukweli nao waweza kuipita.

Ndugu, tusikubali tena kutangulizwa mbele kama ngao kila biashara ya silaha inapoulizwa maswali. Wanyonge hawakuomba mkate wa baruti. Waliomba kazi, malipo ya haki, na usiku wa kulala bila kuamshwa na mlio wa bunduki. Nabii Mika aliwaona wakiketi kila mtu chini ya mzabibu wake na mtini wake, wala pasiwe na wa kuwatia hofu. Hakuwaona wakiketi mlangoni pa kambi wakingoja kulipwa.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Ni nani katika mtaa au kigango chetu anayepata riziki yake kwa kuhudumia jeshi, polisi au magereza? Je, analipwa kwa wakati? Jumuiya inaweza kusimama naye namna gani?

2. Someni Matendo ya Mitume 19:23-40. Ni akina nani leo wanaopiga kelele kama mafundi wa Efeso, na ni akina nani waliowakusanya?

3. Vita vya mbali vilipandisha bei za vitu gani hapa kwetu mwaka 2022? Nani alibeba hasara, na nani alipata faida?

4. Je, tunaweza kumwuliza mbunge wetu swali moja, kwa maandishi, juu ya madeni ya wazabuni wadogo? Nani ataiandika barua hiyo, na lini?